Tumbo lenye njaa: historia kutoka kilima cha Mulago mpaka sahani ya mkimbizi

Hati ya kipindi cha redio. Imechapwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji kambini na mjini.

Kwa kiongozi wa kikundi: Soma polepole na kwa sauti. Ukifika palipoandikwa PUMZIKO, simama, waache watu waongee. Kama kuna watoto, wabaki. Habari hii inawahusu.

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza habari ambayo watu huisema kwa kunong'ona: tumbo na choo. Najua wengine mtacheka. Chekeni kidogo, kisha tuendelee, maana katika habari hii kuna watoto waliokufa na watoto waliopona.

Nianze nyumbani kwetu. Mwaka 2021, mgao ulipopunguzwa, mdogo wangu wa mwisho alianza kuharisha. Tumbo likajaa, miguu ikavimba, nywele zikawa nyepesi na nyekundu. Mama alimbeba mara tatu kumpeleka kwenye matibabu, na mara tatu akarudi na dawa ya minyoo. Majirani wakasema ni uchafu. Mama akawa anasugua vikombe kwa majivu mpaka usiku, analia. Watu walitazama mikono yake, walitazama choo chetu, walitazama jerikeni zetu. Hakuna aliyetazama sufuria. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, ugali mtupu, na mtoto alikuwa anapewa uji wa unga na maji.

Mwishowe alikuja bibi mmoja mjitolea wa afya. Akauliza swali moja tu: "Huyu mtoto anakula nini, na mara ngapi?" Kuanzia hapo mambo yakabadilika. Mdogo wangu yuko hai, sasa anasoma.

Nilipohamia hapa Kampala niligundua kwamba swali la yule bibi lina historia ndefu, na kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo ilitokea hapa hapa mjini, kwenye kilima cha Mulago. Ndiyo nataka kuwasimulia.

PUMZIKO

1. Ugonjwa uliolaumiwa kwa kila kitu isipokuwa njaa

Hospitali ya Mulago ilianza mwaka 1913. Haikuanza kama hospitali ya watoto. Ilianza kwa kutibu magonjwa ya zinaa, hasa kaswende, ambayo serikali ya Waingereza iliamini imeenea sana Buganda. Kumbuka jambo hilo, tutalihitaji.

Mwaka 1935 alifika pale daktari Mwingereza, Hugh Trowell, akitokea Kenya. Aliwaona watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu wenye miguu iliyovimba, ngozi inayobanduka, nywele zilizopauka na kuhara kusikokwisha. Hawakutaka kula, hawakutaka kucheza. Wengi walikufa.

Madaktari wa siku hizo walisema nini? Wengine walisema ni minyoo ya safura. Wengine walisema ni kaswende ya kurithi kutoka kwa mama, na unaona kwa nini: hospitali iliyojengwa kutafuta kaswende itaiona kaswende kila mahali. Watu wa Buganda nao walikuwa na jina lao, obwosi, na walisema mtoto huupata pale mama anapobeba mimba nyingine. Tanzania kuna imani inayokaribia hiyo, watu husema mtoto amebemendwa. Kwa hiyo daktari alimlaumu mama, na jirani alimlaumu mama.

Mwaka huohuo wa 1935, daktari mwanamke aliyekuwa akifanya kazi Ghana, iliyoitwa Gold Coast wakati ule, aliandika juu ya ugonjwa huohuo. Jina lake ni Cicely Williams. Yeye alifanya jambo dogo: aliwauliza akina mama wanauitaje. Wakamjibu kwa Kiga: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake anapozaliwa. Akina mama walikuwa wameuona ukweli. Mtoto anaachishwa ziwa, na badala ya ziwa anapewa chakula cha kujaza tumbo ambacho hakijengi mwili. Kwa Kiswahili tunauita unyafuzi.

Ilimchukua Trowell miaka mingi kukubali na kuwashawishi wenzake kwamba kiini cha ugonjwa huo ni chakula. Mwaka 1954 yeye na wenzake wawili, Davies na Dean, walichapisha kitabu kizima juu ya ugonjwa huo. Kati ya 1935 na 1954 hesabu mwenyewe: ni miaka 19.

2. Njaa inavyokula tumbo lenyewe

Huyo Davies, Jack Davies, kazi yake ilikuwa kuchunguza miili ya waliofariki. Mwaka 1948 aliandika kwamba watoto wa unyafuzi walikuwa na kongosho lililosinyaa. Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo, kinachotoa maji ya kusaga chakula. Likisinyaa, maji hayo yanapungua, na chakula kinapita bila kusagwa vizuri.

Hapa ndipo nataka unisikilize kwa makini. Tumezoea kufikiri kwamba njaa ni kitu kimoja na ugonjwa wa tumbo ni kitu kingine. Mulago ilionyesha kwamba njaa ikikaa muda mrefu inaharibu vyombo vya kula. Ukuta wa utumbo mwembamba una vijidole vidogo sana, huvioni kwa macho, na kazi yake ni kunyonya chakula. Ukuta huo hujijenga upya kila baada ya siku chache, na ili ujijenge unahitaji chakula. Kisipokuwepo, vijidole vinafupika. Mtoto akipata chakula kidogo, nusu yake haimfaidii. Anaharisha. Akiharisha anapoteza hata kile alichopata, na hamu ya kula inakwisha. Kisha vijidudu vinavyopita kwenye maji machafu vinakuta ukuta dhaifu, vinaingia.

Ni duara. Njaa inaleta kuhara, kuhara kunaleta njaa. Ukimpa mtoto wa namna hiyo dawa ya minyoo peke yake, umegusa sehemu ndogo tu ya duara. Dawa ya minyoo ni nzuri, na tuwape watoto kila inapoletwa. Lakini minyoo ikitoka na sahani ikabaki tupu, mtoto atarudi vilevile.

PUMZIKO

3. Chupa ya maziwa na bustani ya Mwanamugimu

Katika miaka ya 1950 madaktari wa Mulago waliwatibu watoto kwa maziwa ya unga, na wengi walipona. Ilikuwa habari njema. Lakini ilizaa tatizo jipya. Watu waliona mtoto amepona kwa maziwa ya hospitali, wakadhani maziwa ni dawa. Wakaanza kununua maziwa ya unga na chupa. Nyumbani hakuna kuni za kutosha kuchemsha chupa, maji si safi, na kwa kuwa maziwa ni ghali, mama anayachanganya yawe mepesi. Watoto wadogo zaidi wakaanza kuletwa wakiharisha na wamekonda mpaka mifupa inahesabika.

Hapo ndipo mwaka 1965 ilipoanzishwa kliniki ya lishe pale Mulago iliyoitwa Mwanamugimu. Jina limetoka kwenye methali ya Kiganda, mwana mugimu ava ku ngozi, yaani mtoto mwenye afya hutokana na mbeleko. Afya inaanza anapobebwa mgongoni.

Kliniki hiyo ilifanya kinyume cha hospitali za siku hizo. Mama alikaa pale pamoja na mtoto wake. Walipika pamoja, kwenye moto wa kawaida na sufuria ya kawaida, na kulikuwa na bustani. Chakula chenyewe kinaitwa kitobero, mchanganyiko. Unachukua kitu cha kutia nguvu, kama ndizi za kupika, viazi au unga. Unaongeza kitu cha kujenga mwili, kama maharage, karanga zilizotwangwa au mukene, ambao sisi wa ng'ambo ya ziwa tunawaita dagaa. Unaongeza mboga za majani. Unafunga kwenye jani la mgomba, unapika kwa mvuke, kisha unaponda.

Mama alimwona mtoto wake akipona mbele ya macho yake, kwa chakula alichopika mwenyewe. Akirudi kijijini, majirani wanamwona mtoto. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba. Mwanamugimu ipo mpaka leo.

4. Kwa nini maziwa humkubali huyu na kumkataa yule

Kuna jambo jingine lililogunduliwa Kampala. Mwaka 1966 madaktari wawili, Cook na Kajubi, walichapisha uchunguzi wao juu ya watu wazima na maziwa. Katika maziwa kuna sukari inayoitwa laktozi. Ili uisage unahitaji kimeng'enya maalumu tumboni. Waliona kwamba katika jamii za wakulima watu wengi wazima hawana kimeng'enya hicho cha kutosha, na katika jamii ambazo kwa vizazi vingi zimeishi kwa maziwa ya ng'ombe wengi wanacho.

Kambini tunaishi pamoja, wa asili ya kilimo na wa asili ya ng'ombe. Ukimwona mwenzako akinywa maziwa bila shida na wewe tumbo linanguruma, si ushirikina, na si udhaifu wako. Hakuna tumbo bora kuliko la mwingine. Maziwa mgando mara nyingi ni rahisi zaidi, kwa sababu kugandishwa kunapunguza ile sukari. Na mtu yeyote, hata mwenye asili ya ng'ombe, anaweza kukataliwa na maziwa kwa muda baada ya kuhara sana, kwa sababu vijidole vya utumbo vimeumia.

PUMZIKO

5. Daktari aliyepima vinyesi

Sasa tufike kwenye sehemu ya kuchekesha. Daktari mpasuaji Denis Burkitt alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira, kisha Mulago mpaka mwaka 1966. Alikuwa na jicho moja, la pili alilipoteza akiwa mtoto. Dunia inamjua kwa saratani ya taya za watoto inayobeba jina lake. Baada ya kurudi Uingereza akaanza kujiuliza: mbona Uganda vijijini sikuona watu wengi wenye kufunga choo, wala magonjwa ya utumbo mpana ninayoyaona hapa Uingereza?

Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo. Kwa Waingereza waliopimwa, chakula kilichukua saa 80 na zaidi kupita mwilini, na choo cha siku kilikuwa gramu 100 hivi. Kwa wanakijiji wa Uganda kilichukua saa 36 hivi, na choo kilikuwa zaidi ya gramu 400. Burkitt alisema tofauti ni makapi ya chakula, zile nyuzinyuzi zilizo kwenye maharage, viazi, mboga, nafaka isiyokobolewa na matunda. Trowell, yuleyule wa unyafuzi, alishirikiana naye katika kazi hiyo. Ndiyo maana leo Mzungu dukani anasoma kwenye pakiti ya mkate kuna nyuzinyuzi kiasi gani. Sehemu ya somo hilo ilitoka kwenye vyoo vya vijiji vya Uganda.

Lakini tusijisifu sana. Chakula cha makapi mengi nacho kilihusishwa na tatizo lake, kujisokota kwa utumbo mpana. Mwaka 1968 daktari mpasuaji wa hapa Kampala, Shepherd, alichapisha ripoti ya wagonjwa 425 wa tatizo hilo. Kwa hiyo shika dalili hizi: tumbo kuvimba kama ngoma, maumivu makali, choo na hewa kufungwa kabisa, kutapika. Hiyo si ya kunywea mitishamba. Ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Sasa ndugu, njaa inaingiaje hapa? Ukosefu wa chakula si sahani tupu peke yake. Mara nyingi ni sahani iliyojaa kitu kimoja. Fedha zikiwa kidogo tunanunua kinachoshibisha kwa bei ndogo: unga mweupe uliokobolewa, wali, chapati. Hapa Kampala mkimbizi hapati mgao, anajitafutia, na kijana wa kibarua anaishi kwa kikomando, chapati iliyokatwakatwa na maharage kijiko kimoja. Mboga zinaondoka kwanza, matunda yanafuata. Choo kinakuwa kigumu, mtu anajikamua, bawasiri inatokea.

Na kuna sababu nyingine ambayo dada zetu wameniambia. Choo kiko mbali, usiku ni giza, kuna hatari njiani. Kwa hiyo mwanamke anajizuia kunywa maji jioni na anajizuia kwenda haja mpaka asubuhi. Mwili ukizoea kuzuiwa, choo kinakauka. Hilo halitibiwi kwa kidonge. Linatibiwa kwa taa, kwa mlango wenye komeo, na kwa kusindikizana.

6. Somo lililotolewa na wakimbizi

Mwaka 1971 watu mamilioni walikimbia vita vya Bangladesh wakaingia India. Katika kambi karibu na mji wa Bongaon kipindupindu kilizuka. Maji ya kuwekewa kwenye mshipa yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya sukari ya glukosi na chumvi ndani ya maji safi, na kuwapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Wakati kwingineko kambini vifo vilikuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100, kwa waliotibiwa naye vilishuka chini ya 4. Hiyo pakiti ya ORS unayopewa ilithibitishwa na mama na baba wakimbizi, wakiwa na kikombe mkononi.

Wengi wetu tunaikumbuka, au wazazi wetu wanaikumbuka, Goma ya mwaka 1994. Katika mwezi mmoja walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu, juu ya mawe ya volkano ambapo hata kaburi lilikuwa gumu kuchimba. Elimu ya ORS ilikuwepo tayari. Kilichokosekana ni maji safi ya kutosha, na mikono ya kutosha ya kuwafikia watu kwa wakati.

Kwa hiyo shikeni hesabu hii. Pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji safi. Kama hakuna pakiti: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mtoto aendelee kunyonya na aendelee kula. Ile desturi ya kumnyima chakula mtoto anayeharisha inaongeza lile duara tulilolisema. Akipata na vidonge vya zinki siku 10 hadi 14, vizuri zaidi.

PUMZIKO

7. Turudi kwenye sahani yetu

Wasikilizaji, mnajua yaliyotokea. Mwezi wa nne 2020 WFP ilipunguza mgao kwa asilimia 30 kwa sababu ya ukosefu wa fedha. Mwaka 2021 ukashuka mpaka asilimia 60 ya mgao kamili. Mwaka 2023 tukagawanywa katika makundi, wengine wakabaki bila kitu. Mwaka 2025 watu wapatao milioni moja wakaondolewa kwenye msaada wa chakula hapa Uganda.

Tangu hapo, katika barua mnazotuletea, neno moja linarudi: vidonda vya tumbo. Kila anayeumwa tumbo anasema ana vidonda. Tuwe waangalifu. Vidonda vya kweli vipo, na wanasayansi wawili wa Australia, Marshall na Warren, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba vingi vinaletwa na bakteria, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Vingine vinaletwa na vidonge vya maumivu vinavyomezwa mara kwa mara. Njaa haichimbi kidonda, ila inaweza kufanya maumivu yasikike zaidi. Ukitapika damu au choo kikawa cheusi kama lami, nenda hospitali haraka. Lakini kama tumbo linauma kwa sababu hujala tangu jana, sema hivyo. Usione aibu. Mwambie mhudumu: "Nakula mara moja kwa siku." Ni sehemu ya ugonjwa, na aandike.

Sitawaambia mlime mboga halafu nijifanye nimemaliza njaa. Kiwanja ni kidogo, na wa mjini hana hata hicho. Bustani ya dodo au lengalenga kwenye gunia haichukui nafasi ya mgao uliokatwa. Wanaokata mgao wanapaswa kujua wanachokata. Wanakata vijidole vya utumbo wa mtoto. Mulago ilishalijua hilo kabla ya wengi wetu kuzaliwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakuambiwa.

Kwa upande wetu, kuna kidogo tunachoweza. Maharage kidogo ndani ya uji wa mtoto ni bora kuliko unga mwingi mtupu. Dagaa waliosagwa kijiko kimoja wanafika mbali. Sombe, majani ya maboga na majani ya maharage ni chakula, si alama ya umaskini. Na mtu aliyekaa siku nyingi bila kula asipewe sahani kubwa kwa mara moja. Mpeni kidogo kidogo, na kama amevimba au amekonda sana, kwanza apelekwe kituo cha afya.

Na jambo la mwisho. Ukimwona mama mwenye mtoto aliyevimba miguu, usimwangalie mikono. Usiulize ana mimba ya nani. Uliza kama yule bibi alivyomuuliza mama yangu: anakula nini, na mara ngapi? Kisha kama una kikombe cha maharage, nenda nacho.

(Muziki wa kufunga unapanda.)

Maswali ya kikundi:
1. Hapa kwetu, mtoto akivimba miguu na kuharisha, watu husema ni nini? Nani hulaumiwa?
2. Ni chakula gani kiliondoka kwanza kwenye sahani yako mgao au kibarua kilipopungua?
3. Je, wanawake na wasichana wanaweza kwenda chooni usiku bila hofu? Kama hapana, tumwambie nani, na nani ataenda kumwambia?
4. Nani katika kikundi anaweza kuonyesha sasa hivi jinsi ya kuchanganya maji ya sukari na chumvi? Aonyeshe, wengine wasahihishe.